Tisa Iliyojaa

Siku mliponiaga kazini mlinipa redio. Nilipofika nyumbani niliifungua nyuma nikahesabu betri: nne. Nikahesabu tena: nne, ila moja ilikuwa imekufa. Sisemi nani aliitoa kwenye tochi ya stoo. Nasema tu kwamba mtu aliyeishi kwa kutia watu majini na kuwatoa hahesabu kitu mara moja, hata kiwe zawadi.

Sasa mnataka niwaandikie nilivyojifunza ualimu wa kupiga mbizi. Habari za vyeo na mishahara ziulizeni ofisini. Huko hukumbuka vibaya lakini kwa mhuri. Mimi nitawaeleza habari za timbo, kamba, na neno moja la Kikikuyu nililolisikia vibaya mara mbili.

Nilifika Thika miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu wengi walipoingia msituni kupigana na serikali ya Wazungu. Nilitoka Bunyala, kule mto Nzoia unakomwaga maji yake ziwani, na mwaka wa mvua nyingi, majumbani. Nilipata kazi ya kubeba ngozi kiwandani. Asubuhi moja Mzungu mfupi, aliyewahi kuwa mwanamaji wakati wa vita, alisimama langoni akauliza nani anajua kuogelea. Kimya. Wengi walijua, lakini mwaka ule mtu hakukubali haraka kwamba anajua jambo lolote.

Mimi nikauliza, "Kuogelea kwenda wapi, Bwana?"

"Chini."

"Na kurudi?"

Akacheka. "Kurudi pia."

Basi tukaelewana: kwenda na kurudi. Hayo ndiyo mapatano bora niliyowahi kufanya, na nyote mnaovaa mitungi ya hewa leo mnafanya kazi chini ya mapatano hayohayo. Mzungu huyo tulimwita Bwana Mapovu. Kampuni yake ilitunza mabwawa ya mashamba, kuanzia kahawa ya Ruiru hadi mkonge wa kule chini kwenye ukame, njia ya Ngoliba. Chujio la bomba likizibwa na magugu, shamba zima lilikaa bila maji mpaka mtu ashuke kulizibua.

Mara ya kwanza kushuka ilikuwa kwenye bwawa la shamba moja karibu na Ruiru. Wakati huo bado tulivaa vazi la turubai na kichwa cha shaba, na hewa ilikuja kwa mpira kutoka pampu iliyosukumwa na wanaume wawili. Wanaume hao walipenda hadithi. Hadithi ikinoga, hewa inapungua. Nilikaa kule chini nikichomoa maganda ya kahawa kwenye chujio, huku nikimwomba Mungu wale wawili wawe na hadithi mbovu. Baadaye ndipo yakaja tuliyoyaita mapafu ya chuma: mtungi mgongoni, mpira mdomoni, na viatu vya mpira mfano wa miguu ya bata. Nilifurahi sana. Mtu wa soko kama mimi, niliyekulia kwenye biashara ya samaki, hupenda kushika mwenyewe kitu anachokitegemea.

Suti za mpira kama zenu hatukuwa nazo. Nilikwenda duka moja la Thika kununua sweta nzito ya sufu, na jua la saa nane liko utosini. Mwenye duka akanitazama.

"Unakwenda Ulaya?"

"Nakwenda chini. Punguza bei."

"Chini kuna baridi?"

"Kuna baridi, na hakuna wateja. Punguza."

Akapunguza. Nadhani alifikiri nasema habari za kaburi.

Aliyenifundisha zaidi hakuwahi kulowesha hata vifundo vya miguu. Karanja, Baba Njeri, alikuwa mshika kamba wetu. Zamani aliendesha maksai wa kulima upande wa Gatongora, na alishikilia kwamba mpiga mbizi na maksai ni kitu kimoja, ila maksai hasahau njia ya nyumbani. Alinusa ugoro mchana kutwa, na chafya yake ilitosha kuifanya mitungi ilie. Mimi aliniita mtu wa samaki.

"Wewe mtu wa samaki," aliniambia siku ya kwanza, "kamba si ya kukuzuia usizame. Kuzama ni kazi yako. Kamba ni ya kuongea."

"Inaongea lugha gani, Baba Njeri?"

"Yako ni ndefu, kutwa nzima bei, bei. Ya kamba ni fupi."

Na kweli ilikuwa fupi. Ikivutwa mara moja kutoka juu, unaulizwa: uko salama? Nawe unavuta mara moja: niko salama. Mara mbili, nipe kamba zaidi. Mara tatu, nitoeni. Hakuna neno la nne. Hakuna neno la kusema naogopa, na Karanja alisema halihitajiki, maana hilo mshika kamba hulisikia bila kuvutwa.

Baada ya mwaka hivi, Bwana Mapovu alitaka mwalimu wa pili, awafundishe watu wa mashamba kuzibua mabwawa yao wenyewe. Akanichagua mimi. Si kwa uhodari. Alisema mimi ndiye pekee niliyeuliza kila kitu mara mbili, na maji hayana huruma kwa mtu anayeuliza mara moja. Nikaanza kufunzwa upya: jinsi ya kumtuliza mtu aliyemeza maji, jinsi ya kumfundisha asibane pumzi anapopanda, na asipande kwa haraka kupita kile kipovu kidogo kabisa anachokitoa. Lakini juu ya hayo yote aliweka sheria moja, na aliisema kwa Kiswahili chake kile:

"Wewe mwalimu, wewe tia watu kumi, wewe toa watu kumi. Kama hapana kumi, hapana mwalimu. Basi."

Mahali pa mafunzo palikuwa timbo moja lililoachwa, nje kidogo ya barabara ya Thika, upande wa Witeithie. Kwa msiokulia huku, timbo ni shimo la kuchimbia mawe ya kujengea. Wachongaji walikuwa wamelikata kwa ngazi kubwa, jukwaa chini ya jukwaa, mpaka siku ya mvua za masika walipotoboa chemchemi. Maji yakapanda kwa siku chache tu. Wachimbaji wakatoka, lakini reli za vigari vya mawe zikabaki chini, pamoja na nyaya, karai na ngazi za mbao.

Nimeshuka kwenye maji mengi maishani, lakini sikupata kuona maji kama yale. Hayakuwa machafu, yalikuwa meusi tu, na hayakusogea hata upepo ukipita juu ya shimo. Ndege hawakutua pale. Vyura hawakulia. Ukiongea, ukuta wa upande wa pili ulikaa kidogo kama unaofikiri, ndipo ukarudisha maneno yako yakiwa yamepungua mwanzo. Na mara kwa mara, katikati, pale ambapo hapakuwa na mtu, mapovu yalipanda. Machache, kwa mfuatano, kama ya mtu anayepumua bila haraka.

"Matope tu," alisema Bwana Mapovu. "Majani oza chini."

Sawa. Nami nimewaambia wanafunzi wangu hivyohivyo miaka yote. Lakini matope ya Ruiru hayakupumua kwa kufuata kipimo.

Kila asubuhi tulimkuta mwanamke ukingoni. Tulimjua kama Mama Wambui. Alisimama juu ya jiwe akaita mara moja: "Mwaura!" Ukuta ukakaa, ukajibu: "...aura." Akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akaketi na kuanza kutoa maharagwe kwenye maganda.

Mwaura alikuwa mumewe, mchonga mawe wa timbo hilohilo. Alitoweka siku ile maji yalipoingia. Wakati ule, Mkikuyu mwanamume asipoonekana, hakuna aliyeuliza kama anaumwa. Ilisemwa ameingia msituni, na mkewe akawa mke wa mtu wa msituni. Hedimani, msimamizi wa laini walikoishi wafanyakazi, alikuwa amempa siku yake ya mwisho: ikifika Jumatatu Mwaura hajaonekana, yeye na watoto watatu watapandishwa lori. Lori la kwenda wapi, hakuambiwa. Malori hayo hayakuwa na kibao cha safari.

"Hayuko msituni," aliniambia. "Alirudi kuchukua tindo yake ya kuchongea mawe. Aliisahau jukwaa la tatu, akasema dakika moja tu. Mwanangu, mtu aliyeingia majini kwa ajili ya tindo angeiacha akaenda msituni mikono mitupu?"

Aliniita mwanangu ingawa hakunizidi sana umri. Aliyekuwa na shida mwaka ule alijifunza kuongeza heshima.

Nikamwendea Bwana Mapovu, nikamwomba tushuke kutafuta. Akakataa. Jukwaa la tatu lilijaa nyaya, alisema. Mtu akinaswa huko, tutatafuta wawili. Nikaanza kazi ninayoiweza, ya kupatana. Nikamwambia: Jumamosi nafanya mtihani wangu wa ualimu. Nikifaulu, Jumapili unipe mtungi mmoja uliojaa, kamba na Karanja, nishuke mara moja tu.

"Wewe faulu kwanza," akasema. "Mwalimu kwisha faulu, mwalimu amua yeye mwenyewe."

"Mtungi uliojaa?"

"Liojaa."

Nikamuuliza mara ya pili, akaapa. Nikampelekea Mama Wambui habari: Jumapili. Hakunishukuru. Alisema tu, "Basi usikosee Jumamosi."

Jumamosi Bwana Mapovu alileta wanafunzi nisiowajua, baadhi kutoka mashamba ya Ngoliba na wengine wa Ruiru, ili nisije nikafundisha marafiki. Majina yao sikuyashika asubuhi moja. Idadi niliishika. Niliwapanga ukingoni nikawahesabu: kumi. Nikaanza upande wa pili nikahesabu tena: kumi.

"Mwalimu, sisi si mbuzi," mmoja akasema.

"Mbuzi ningehesabu mara moja. Mbuzi hujitunza."

Zoezi lilikuwa jepesi. Wao walivaa kaptura na miwani ya maji tu. Kila mmoja azame kwa pumzi yake, aguse jukwaa la kwanza, apande, aogelee hadi ngazi ya kutokea. Mimi nilikaa chini yao na mtungi, niwaone wakishuka na niwasukume juu wakihitaji. Kiunoni nilifungwa kamba, mwisho wake kwa Karanja. Ngazi ya kutokea ilikuwa nyuma ya kona ya mwamba, nisikoweza kuona. Kwa hiyo kuwahesabu waliotoka ilikuwa kazi ya Karanja. Bwana Mapovu alikaa juu kabisa, kofia machoni, akitazama. Ng'ambo yake, Mama Wambui na maharagwe yake.

Walishuka vizuri. Wawili walirudi bila kugusa, nikawarudisha. Mmoja alinikanyaga kichwa, nikamsamehe kwa muda. Zamu zikaisha. Nikakaa chini kidogo nisikilize: kimya. Nikapanda, nikatoa mpira mdomoni.

"Baba Njeri! Wametoka wangapi?"

Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya kona. "Kenda!" Kisha chafya, moja ya zile zake, ikagonga ukuta ikarudi. Kisha akapaza: "Muiyuru!"

Hapa lazima niwaeleze jambo. Lugha ya watu mimi huanza kujifunza sokoni. Nilijua kuhesabu Kikikuyu hadi mia kabla sijajua kumsalimia mama wa mtu. Kenda ni tisa. Ndizi kenda, ndizi tisa. Kumi ni ikumi. Hapo hapakuwa na shaka.

Hata hivyo niliuliza tena, kama kawaida yangu. "Wangapi?"

"Kenda!" Chafya. "Muiyuru! Toka!"

Baridi niliyoipata haikutoka majini. Tisa wametoka. Wa kumi anaitwa Muiyuru, na Karanja anamwita atoke, naye hatoki. Niliuliza mara mbili, na nikasikia vibaya mara mbili, lakini wakati ule sikujua. Nilitia mpira mdomoni nikazama.

Jukwaa la kwanza nililipapasa lote kwa mikono. Hakuna mtu. Jukwaa la pili, hakuna. Chini ya hapo nilikuwa nimekatazwa, na kushuka kungenikosesha mtihani. Nikawaza Jumapili, nikamwaza Mama Wambui, nikawaza Muiyuru ambaye sikumjua hata uso. Aliye hai hutangulia. Nikashuka.

Chini ya jukwaa la pili maji yalibadilika. Palikuwa na baridi ya aina nyingine, kama ukivuka kizingiti ukaingia chumba kilichofungwa muda mrefu. Mkono wangu mwenyewe sikuuona. Nilisikia pumzi yangu tu, ikiingia na kutoka, na mapovu yangu yakigonga mwamba juu yangu, kisha yakiteleza polepole kama vidole vinavyotafuta kitasa. Nikagusa reli. Nikagusa waya, nikauondoa shingoni. Niligeuka mara nyingi sana, mpaka sikujua tena ukuta uko upande gani.

Ndipo kamba ikavutwa. Mara moja.

Uko salama? Nikavuta mara moja: niko salama. Nilishukuru kumjua Karanja.

Ikakaa kidogo, kama ule ukuta wa juu unavyokaa. Ikavutwa tena mara moja, polepole zaidi. Safari hii niligundua kitu. Haikuwa inavutwa kutoka juu. Ilivutwa kutoka ubavuni.

Mtajisemea wenyewe mngefanya nini. Mimi nilijibu. Nilivuta mara moja, kisha nikaishika kamba nikaifuata kwa mikono, kuelekea huko ilikoelekea. Ikanipeleka chini ya ubao wa kigari kilichopinduka. Nikanyoosha mkono nikagusa kitambaa.

Nikakishika. Nikasema moyoni, Muiyuru, nimekupata, tulia. Nikafuata kitambaa, nikakuta kola. Nikakuta vifungo.

Wanafunzi wangu wote walivaa kaptura. Hakuna aliyeingia na koti.

Nilikaa pale nimeshika kifungo cha koti la mtu. Mapovu yangu nayo yaliendelea kupanda, bila shaka kule katikati, ambako watu wa juu wangeyaona na kusema ni matope. Kisha mtungi ukaanza kuwa mzito kuvuta, kama kunywa uji kwa mrija. Sikuwa na hewa ya kumtoa huyu na kumtafuta yule pia. Nikafungua kamba kiunoni, nikaipitisha kwapani mwake na kuifunga fundo la Karanja, lile lisiloteleza. Nikapanda bila kamba, nikijikumbusha kutobana pumzi, kama nilivyowakumbusha wengine asubuhi ileile.

Nilipotoa kichwa nilipiga kelele. "Muiyuru bado yuko chini! Nipeni mtungi mwingine!"

Walikuja wote ukingoni. Walitazamana.

"Mwalimu," akasema yule wa mbuzi, "Muiyuru ni nani?"

"Mwenzenu! Aliyebaki!"

Kijana mmoja Mkikuyu akaanza kucheka. Akaniona uso, akaacha. Mimi nikawahesabu hapohapo, kutoka majini, kidole juu. Kumi. Nikaanza upande wa pili. Kumi.

Karanja alikuwa amepiga magoti kando ya maji. "Kamba yako iko wapi, mtu wa samaki?"

"Nimemfunga mtu."

"Mtu gani? Watu wote hawa hapa."

"Mwenye koti," nikasema.

Nilisikia maharagwe yakimwagika juu ya mawe. Mama Wambui alikuwa amesimama.

Wanaume wanne waliivuta ile kamba, Karanja mbele. Ilikuja kwa shida, kisha ikaachia, kisha ikaja taratibu. Sitaeleza kilichopanda. Alikuwa mtu, na mkewe alimtambua kwa koti. Bwana Mapovu alivua kofia, akamfunika kwa blanketi lililoletwa kwa ajili yetu. Mama Wambui akaingiza mkono ndani ya koti, upande wa moyo, akatoa tindo iliyofungwa kwa kipande cha gunia.

Hedimani alipoletwa, alisimama mbali kidogo akauliza inajulikanaje kwamba ndiye. Mama Wambui hakulia mbele yake. Alimnyooshea ile tindo.

"Msitu ndio huu, hedimani," akasema. "Ingia utafute wengine."

Hedimani aliitazama tindo. Ilikuwa na alama ya Mwaura, mikwaruzo miwili na msalaba, na alama hiyohiyo ilikuwa kwenye mawe ya nusu ya nyumba za laini, ya kwake ikiwemo. Aliondoka bila kuaga. Jumatatu lori lilipita. Halikusimama kwa Mama Wambui.

Baadaye, watu walipokwenda kutafuta mbao za jeneza, Bwana Mapovu aliniita. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Wandera," akasema, "wewe tia kumi. Wewe toa kumi na moja. Na wewe shuka jukwaa tatu, mimi kwisha kataza. Hesabu hapana sawa."

Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari. Mtu wa soko angesema: Bwana, hiyo ni nyongeza. Nilitazama lile blanketi, nikameza maneno. Ndiyo mara ya pekee maishani mwangu niliyokubali bei ya kwanza.

"Rudia Jumamosi ijayo," akasema.

"Sawa, Bwana."

Jioni hiyo niliketi na Karanja tukikunja kamba. Nikamuuliza kwa nini alitaja Muiyuru kama hakuna Muiyuru.

"Ngai! Nilikuambia kenda muiyuru. Tisa iliyojaa. Na toka nilikuwa nakuambia wewe."

"Tisa ni tisa, Baba Njeri."

"Tisa ni tisa kwa ndizi. Watu hawahesabiwi kumi. Ukimhesabu mtu mpaka kumi, umemfunga kama mzigo. Kinachokuja kuchukua mizigo kinajua uko tayari. Kwa hiyo unasema tisa, lakini imejaa. Hata koo zetu tunazihesabu hivyo. Mlango unauacha wazi kidogo."

"Wazi kwa nani?"

Alipaka ugoro puani, akatazama maji. "Mimi sikukuambia umlete aliyeko mlangoni."

Nikakunja pima kadhaa za kamba. Kisha nikamuuliza lililokuwa likinisumbua kuliko hilo. "Na pale uliponivuta? Mara ya kwanza, na mara ya pili?"

"Kukuvuta lini?"

"Nilipokuwa chini."

"Mtu wa samaki, nilikuwa ngazini nahesabu watu. Kamba niliifunga kwenye kile chuma." Alinionyesha. Chuma kilikuwa pale, na alama ya kamba juu ya kutu. "Hakuna aliyeigusa."

Nikamuuliza mara ya pili. Akaapa.

"Ulijibu?" akauliza.

"Nilijibu."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Akapumua. "Basi ulimsalimia vizuri. Ungenyamaza angekufuata mpaka Bunyala."

Mnaweza kusema kamba ilinaswa kwenye kigari, na maji ya chemchemi yakaisukuma. Mimi mwenyewe nimesema hivyo kwa kila aliyeniuliza akiwa amevaa tai. Lakini chemchemi haijui kuvuta mara moja, ikangoja jibu.

Jumamosi iliyofuata nilirudia mtihani, wanafunzi walewale, kumi, mara mbili. Asubuhi hiyo hakuna aliyeita jina pale timboni. Ukuta ulikaa kimya, na mapovu ya katikati sikuyaona, wala sijapata kusikia mtu aliyeyaona tena. Matope nayo yalikuwa yamemaliza kuoza, nadhani, juma lilelile.

Wanafunzi walishuka, wakagusa, wakapanda. Nikabaki peke yangu chini ya maji, kamba kiunoni, nikisikiliza. Hakuna kitu kilichonivuta. Nikapanda, nikatoa mpira mdomoni. Wote walikuwa wamekwisha pita nyuma ya kona.

"Wangapi?" nikaita.

Nikangoja chafya ya Karanja. Haikuja. Sauti iliyotoka ngazini ilikuwa ya mwanamke. Mama Wambui alikuwa amekuja na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ya kuwalisha wanafunzi, akasimama pale kichwani mwa ngazi, akawatazama mmoja mmoja wakitoka majini.

"Kenda muiyuru," akasema, polepole, maneno mawili pamoja.

Nikaogelea kwenda ngazini. Sikuuliza mara ya pili.